Oltaneta Juu ya Meza

Mashahidi wote watatu, yaani rafiki yangu fundi umeme wa magari, mkewe na shemeji yake, wanakubaliana kwamba oltaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ilikuwa imefunguliwa kutoka kwenye kombi na kuwekwa mezani.

Kombi hilo kuukuu, lenye kitanda nyuma, liliachwa na marehemu mume wa kwanza wa mke. Betri yake ilikuwa haijai. Fundi, ambaye wivu ulimtafuna kila mkewe alipolipangusa, alitaka liuzwe.

"Mwenzio angelitengeneza kwa kipande cha waya," mke alimtania, akimaanisha marehemu.

"Basi kamwite!"

Mvua ililazimu mlango wa gereji ushushwe nusu, giza likatanda. Fundi akawasha injini awathibitishie kwamba bila oltaneta betri hufa. Mita aliyoiunga kwenye betri ilishuka hadi volti kumi na moja. Ndipo kitanda kikalia, kama mtu aliyejigeuza usingizini. Mita ikapanda hadi kumi na nne, kiwango cha betri inayochajiwa, na taa zikang'aa.

Shemeji anadai mita ilikuwa mbovu. Ya pili ilisoma vilevile. Fundi anaapa jambo moja tu: mkewe hakushtuka. Alisogelea dirisha la nyuma akanong'ona, "Ahsante, laazizi," neno ambalo fundi hajawahi kuitwa.

Ushahidi ndio huo. Amua wewe.