Maji Yaliyochelewa Kugeuka

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kuzianika, Chiriku humfuata shangazi yake kazini, maabara. Jina hilo alipewa nyumbani kwa maneno yake mengi. Lakini huko maabara kazi yake ilitaka macho tu: kukaa mbele ya chombo kizito cha chuma, kuchungulia kijidirisha chake cha kioo, na kupaza sauti maji ya ndani yakigeuka meupe.

Maji hayo yalichanganywa na polima, yaani nyuzi ndefu, nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho.

"Yakiwa baridi, maji na nyuzi wameshikana mikono," shangazi alimweleza. "Joto likipanda, wanaachana. Nyuzi zinajikunja, zinakumbatiana zenyewe, ndipo unaona weupe kama maziwa."

"Na tukiyabana kwa pampu, shangazi?"

"Hilo ndilo silijui, mwanangu. Wenzangu wanangoja jibu letu la leo."

Mara ya kwanza, bila kubanwa, maji yaligeuka kipimajoto kilipofika thelathini na mbili. Yakapozwa. Fundi wa pampu, mtu wa mizaha, akakaza mpini huku akiguna. "Chiriku, macho kodo! Ukisinzia nakuachia pampu hii."

Joto likapanda polepole. Nje, paka wawili wakaanza kuzozana ukutani. Chiriku akageuza shingo, kidogo tu. Mara akamsikia fundi akisoma, "Thelathini na mbili." Akashtuka.

"Yamegeuka!" akasema, bila kutazama.

Shangazi akaandika, akazima joto. "Basi. Kumbe kubana hakubadilishi kitu. Nitawapelekea jibu hilo."

Chiriku akachungulia. Loo! Maji yalikuwa maangavu kama machozi. Punde yangepoa, na yakipoa huwa maangavu vilevile. Nani angejua? Akisema, huenda asikikalie tena kile kiti. Asiposema, shangazi atabeba uongo kwa wenzake, naye hajui.

"Shangazi, usipeleke," akasema kwa sauti ndogo. "Sikutazama. Nilikuwa naangalia paka. Nikadhani yatafanya kama mwanzo."

Shangazi akaweka kalamu chini. Fundi akajishika kiuno. "Ole wake mgongo wangu!"

"Tunarudia," shangazi akasema, akifunga pazia la dirisha ili paka wasionekane. "Kaa palepale. Safari hii utazame."

Yakapozwa, yakabanwa, yakapashwa tena. Thelathini na mbili ikapita, maji maangavu. Thelathini na tatu, bado. Fundi akaacha kuguna, akasogea. Ndipo ukungu ukatanda kioo kizima.

"Yamegeuka! Nimeyaona!"

"Yamechelewa," shangazi akasema taratibu. "Kumbe yakibanwa, yanazidi kushikana na nyuzi." Akafuta jibu la mwanzo, kisha akamgeukia Chiriku. "Jicho kupotea ni ubinadamu. Kosa lako ni kuliziba pengo kwa kudhani, maana nusura utupoteze sote. Siku nyingine usipoona, sema 'sikuona.' Kurudia kazi kunachosha, lakini hakudanganyi mtu."