Shimo Lililoonekana Kwenye Saa ya Awino

Mwaka ule dhahabu ilipoibuka nyuma ya kilima, nusu ya watu wa Nyamisangura walihamia huko na sururu. Awino hakujali. Yeye alikuwa mkimbiaji, majaribio ya timu ya mkoa yalikuwa yamekaribia, na kilichomtia hasira ni saa yake ya mazoezi, inayochora kwenye ramani njia aliyokimbia.

"Hii nayo inadanganya!" Aliibwaga mezani kwa Hamidu, muuza saa. "Nakimbia barabara ya Sirari, naenda na kurudi. Ramani inasema nimekata kushoto nikaenda machimboni. Sijawahi kukanyaga huko!"

"Dada, hata ile ya kwanza ulisema hivyohivyo."

"Basi nipe isiyo na wazimu."

Wakachambua. Moja chaji haikai. Nyingine haisomi GPS mpaka usimame. Mwishowe akachukua nyeusi, ghali, mpya ndani ya boksi.

Kesho yake alikimbia barabara ileile, miguu mizito kana kwamba imeshakimbia tayari. Alipofungua ramani kwenye simu, alitaka kulia. Mstari umekata kushoto. Umefika machimboni. Umeishia hapo.

Alimwonyesha Mogesi, mchimbaji waliyepanga naye nyumba moja. Mogesi alishusha sauti.

"Hapo mstari unapoishia pana shimo. Tumelikimbia. Kuna mtu alichota udongo wa unyayo barabarani, akauzika humo kama kafara ili dhahabu itoke. Unyayo wa nani, hatukujua."

"Upuuzi. Nipeleke."

Walifika jua la utosi. Hapakuwa na mtu, wala ndege. Kwenye mdomo wa shimo udongo ulikuwa mbichi, umejaa alama za raba. Awino aliinua mguu, akatazama soli yake.

Ni zilezile.

Nyingi. Moja juu ya nyingine. Zote zinaingia. Hakuna hata moja inayotoka.

"Usichungulie," Mogesi alinong'ona.

Saa ikatetemeka mkononi. Awino akaivua, akaitupa shimoni. Akasikiliza.

Haikugonga chini.

Siku ya majaribio alianguka kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Timu ikaondoka bila yeye. Akahamia Sirari kwa dada yake, Kezia, asitake tena kusikia habari za mbio.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha, ua mzima ni tope. Awino alitoka kisimani peku, ndoo ya maji kichwani, akavuka ua, akaingia ndani.

Kezia, aliyekuwa akifagia mlangoni, alitazama alikopita. Ufagio ukamponyoka.

Tope lilikuwa laini. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.