Saa ya Jokofu la Suji

Walikutana stendi ya Same, siku ya soko. Rogathe, muuguzi wa zahanati ya Suji, alikuwa amekumbatia boksi la chanjo, sare yake nyeupe imejaa vumbi hadi kwenye pindo. Yunus, mwandishi wa programu za kompyuta, alimpisha kwenye benchi lenye kivuli, akamtania kwamba analishika boksi kama mzazi wa mtoto wa kwanza.

"Humu mna watoto wa kata nzima," Rogathe akajibu, akacheka. Yunus akawa amekwisha kwa mapenzi.

Kumbe king'ora cha jokofu la zahanati kiliendeshwa na programu ya Yunus. Hata hivyo Rogathe alisoma kipimajoto asubuhi na jioni, hata sikukuu. Yunus akambembeleza kwenye simu: kifaa kitalia chenyewe, mpenzi, shuka Same walau mwisho wa wiki. Akashuka.

Sasa sikia ujinga wa mjuzi. Kwenye kiini cha mfumo wa kifaa kile, kila sehemu iliwasha na kuzima saa ya prosesa, yaani mapigo yanayoendesha kifaa, kwa njia yake. Yunus akafuta fujo yote, akaweka amri moja: saa isipohitajika, izimwe. Akajisifu. Alisahau kuandikisha king'ora miongoni mwa sehemu zinazoihitaji. Umeme ulipokatika siku mbili, saa ilikuwa imezimwa, king'ora kimya japo kina betri yake, na Rogathe yuko Same anacheka naye. Chanjo zote zikaharibika. Rogathe akasimamishwa kazi kwa uzembe.

"Fundi wangu, kifaa hakikulia, au mimi ndiye mzembe?" akamuuliza Yunus kwenye simu.

"Nitaangalia, mpenzi."

Alikuwa ameshaangalia asubuhi ile, akaona kosa ni la amri yake. Aliogopa kufukuzwa kazi. Kila jioni Rogathe alipiga simu akilia, na kila jioni alijibiwa vilevile. Uoga ni kitu kibaya, jamani.

Siku ya kumi moyo ukamshinda. Alipanda Suji, akaieleza kamati ya zahanati kila kitu. Rogathe akarudishwa kazini, Yunus akafukuzwa kazini kwake. Wiki iliyofuata akapanda tena, shati limepigwa pasi, pete mfukoni. Rogathe alisimama mlangoni pa zahanati, hakumkaribisha ndani.

"Kosa la mashine nilishakusamehe," alisema. "Lakini siku tisa ulinisikia nalia, ukaniambia utaangalia."

"Niliogopa, Roga."

"Mimi pia niliogopa. Nilikuwa peke yangu."

Akaingia ndani, akafungua jokofu, akasoma kipimajoto, akaandika daftarini kwa mkono. Gari la mwisho la Same lilipopiga honi, Rogathe alikuwa hajatoka.