Neno la Siri Lilikuwa "Karibu"

Kila asubuhi Biasha hukaanga mahamri mbele ya nyumba yake, Kinondo. Mwezi ule harufu ya mafuta ilimshinda. Akawa anajifunga leso puani.

"Una nini, Biasha?" wateja waliuliza.

"Mafua tu."

Hayakuwa mafua. Biasha alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii. Safari hii hakutaka isemwe, maana mimba changa haitangazwi. Watu wanaogopa kijicho. Waliojua ni mumewe, Chirau, na watu wa kliniki. Huko alipimwa, akaambiwa, "Presha yako iko juu. Meza dawa hizi, na usikose kuja."

Siku moja jirani yake, Maimuna, alikuja kununua mahamri. Akamtazama tumboni, akatabasamu.

"Haya mafua yako, yatazaliwa lini?"

Wateja wakacheka. Biasha hakucheka. Upawa ulimtoka mkononi.

Tangu siku hiyo hakwenda kliniki.

"Kule siri haikai," alimwambia mumewe.

"Na presha je?" Chirau aliuliza.

"Mola yupo."

"Yupo. Lakini dawa zimekwisha."

Twaiba, karani wa kliniki, aliona Biasha hakufika. Baada ya kazi akamfuata nyumbani.

"Hodi."

"Karibu," Biasha alijibu, uso mkavu. "Twaiba, mimi na wewe tuna ugomvi gani, hata ukamwambia Maimuna?"

"Wallahi, dada, sijamwambia mtu."

Maimuna akaitwa. Alikuja na unga mikononi.

"Sikuambiwa na mtu," alisema. "Nilikwenda kliniki kuuliza majibu ya vipimo vya mzee wangu. Twaiba alikuwa amekwenda kuswali. Skrini imezima. Nikaingia, nikaandika *karibu*, ikafunguka. Nikaliona jina la Biasha kwenye orodha ya wajawazito. Nilifurahi, basi."

"Neno hilo ulilijuaje?" Twaiba aliuliza.

"Nani asilijue? Kila siku mnapigiana kelele pale dirishani: 'Andika karibu!'"

"Hata mlango ukiwa wazi, bibi, nyumba si yako," Chirau alisema. Maimuna akainama, akapangusa unga mikononi.

Twaiba naye aliinamisha kichwa. Ofisi nzima ilitumia jina lake na neno hilo moja. Kumficha mwenzako neno la kompyuta walikuona ni uchoyo, kama kumfungia mgeni mlango.

Kesho yake alimweleza Nzai, anayetunza kompyuta za kliniki.

"Karibu ni neno zuri mlangoni," Nzai alisema. "Kwenye kompyuta ni balaa."

"Sasa mwenzangu akitaka kufanya kazi, nimnyime?"

"Humnyimi. Atakuwa na jina lake na neno lake. Kompyuta huweka kumbukumbu ya nani amefungua habari za nani. Maimuna alipofungua, imeandikwa kuwa ni wewe."

"Na mimi nilikuwa nimesujudu."

"Kompyuta haijui nani anaswali. Inajua jina."

Akamwonyesha jinsi ya kuifunga skrini. "Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi L. Fanya hivyo kila unapoinuka, hata ukienda kunywa maji."

"Na neno la siri niweke lipi?"

"Unganisha maneno manne yasiyohusiana. Usiweke jina la mtoto wala mwaka wako wa kuzaliwa. Usilibandike mezani, na usimwambie mtu, hata mimi."

"Nikilisahau?"

"Njoo kwangu, utaweka jipya."

Wakaigeuza na skrini yenyewe, isiwakabili wanaosubiri dirishani.

Mwanzoni wenzake walinuna. "Twaiba siku hizi ana maringo," alisema muuguzi Baya.

"Nenda kwa Nzai, nawe uringe," Twaiba alimjibu. Baya akaenda.

Jioni Twaiba alirudi Kinondo.

"Dada, kosa lilikuwa letu. Nakuomba radhi, na wakubwa wangu wamenituma nikuombe radhi. Tumebadilisha mambo. Na ukitaka kujua nani amefungua habari zako, uliza. Ni haki yako."

 Asubuhi yake Biasha hakuwasha jiko. Alifuatana na mumewe hadi kliniki. Presha ilikuwa imepanda zaidi.

"Ni vizuri umekuja," Baya alimwambia. "Ungekawia, mngekuwa hatarini, wewe na mtoto."

Twaiba aliinuka kumletea dawa. Kabla ya kuondoka, vidole vyake viligusa vitufe viwili, na skrini ikawa nyeusi. Biasha alikuwa anatazama.

"Nikikuomba neno lako, utanipa?"

"Sikupi, dada."

Biasha akacheka. "Basi nipe dawa."

Hakukosa kliniki tena. Presha ilishuka, tumbo likakua, naye akalifunika kwa leso pana. Wateja walioona walinunua mahamri wakaenda zao. Mtoto alizaliwa salama, wa kike.

Waliporudi nyumbani, Biasha alimtuma Chirau kwa jirani. Maimuna alikuja mbio, lakini ingawa mlango ulikuwa wazi, alisimama nje.

"Hodi. Nasikia umeniita."

"Karibu," Biasha alisema, akamfunua mtoto uso. "Hii habari nimetaka uisikie kwangu mwenyewe."