Alama Mbaya kwa Nyumba ya Bi Halima

Mchana wa siku ya soko, hoteli moja ya Sultan Hamud ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Wavinya aliingia na buti zake za vumbi na nywele zilizosukwa kwa uzi mwekundu, na kabla ya kuagiza chai akagonga nguzo kwa vidole, akaisikiliza.

"Madam, unainunua ama unaibomoa?" akauliza kijana wa meza ya karibu, shati limepigwa pasi hadi mfukoni.

Huyo alikuwa Shee, muuza vitambaa wa Kitui mjini, ingawa kwao ni Pwani. Wavinya alimweleza, huku akicheka, kwamba kazi yake ni kupima nyumba za vijiji vya baharini, kujua ipi itasimama tsunami ikija na ipi itaenda na maji. Shee akasema hajawahi kuona Mkamba wa kupima bahari. Hakuondoka bila namba yake ya simu, na mwaka mzima hawakumaliza siku bila kupigiana. Suala la dini waliligombania, wakalimaliza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, kazi ikampeleka Wavinya Pwani, kijijini kwa akina Shee. Mamake, Bi Halima, mjane anayeishi peke yake, alimpokea kwa samaki wa nazi na kumwita mwanangu. Siku ya nne zamu ya nyumba yake ikafika. Kuta za mawe na udongo, ghorofa hakuna, mlango unatazama bahari, na mikoko ya mbele ya kuzuia mawimbi ilishakatwa. Wavinya akaipa alama mbaya kuliko zote. Msichana huyu alikuwa na akili za vitabu. Za watu, siku hiyo hakuwa nazo. Alimsomea mama alama yake palepale mkekani, wali haujapoa. Bi Halima akanawa mikono, akaondoka.

"Umekula kwa mamangu, halafu unamwambia nyumba ya mumewe ni kaburi?" Shee alisema kwenye simu.

"Babe, ni ukweli. Ningemdanganya?"

"Si ungeniambia mimi kwanza?"

Akakata. Miezi miwili hakushika simu zake, na Wavinya akakonda hadi mamake akaanza kumuuliza maswali.

Halafu Shee akatokea Sultan Hamud nyumbani kwa akina Wavinya, Wavinya akiwa barazani na kompyuta, akimalizia ripoti. Waliombana msamaha, wakalia wote wawili. Kisha Shee akasema ameshafunga kabisa duka lake la Kitui. Mama amekataa kuhama, hatamwacha mumewe aliyezikwa pale, na yeye hawezi kumwacha mama peke yake.

"Nataka nikuoe, Vinya. Twende tukae na yeye."

"Kwa hiyo nyumba?"

"Kwa hiyo nyumba."

Wavinya alimpenda mtu huyu kuliko kazi yake, kuliko Sultan Hamud nzima. Na bado aliyaona maji yakiingia dirishani. Aliuliza kama mama angekubali wajenge mbali na ufuo. Shee akatikisa kichwa. Ameshamwomba mara tatu.

Akaivuta kompyuta. Fomu ya nyumba ile ilikuwa imebaki na swali moja, idadi ya watu wanaolala humo.

"Niandike wangapi?" akauliza.

Shee akamshika bega. "Andika watatu, mpenzi."

Wavinya akaandika wawili.