Kioo cha Rubani

Bawa la kushoto lilikuwa bado halijakatwa Hamza alipofariki. Raudha alikuwa na hakika nalo, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyeifunika meza kwa kanga siku ya msiba, wageni wasije wakaweka sahani za pilau juu ya ndege ya marehemu. Leo alipofunua kanga, bawa lilikuwa limekatwa, limesuguliwa, limelazwa kando ya mwenzake. Mezani kulikuwa na vumbi jeupe.

Watu wa mtaa wa Bondeni walimjua Hamza kwa duka lake la balbu na nyaya, na kwa mambo mawili ya kumtania. La kwanza, alikuwa mtu wa asili ya Lindi asiyejua kuogelea. Wakienda Matema wenzake hujitosa ziwani, yeye hukunja suruali mpaka magotini na kusimama palepale kama korongo. "Maji si yangu," angesema. "Mimi mtu wa juu." La pili lilikuwa hilohilo la juu. Alitaka urubani, macho yakamkatalia, na utu uzima wake wote akawa anaunda ndege za mezani. Zilikuwa siku za ruksa, mpaka wa Kasumulu unapitisha kila kitu kuanzia sabuni hadi televisheni, lakini katika mji mzima ni Hamza peke yake aliyemwagiza dereva wa lori ndege ya kivita.

Dereva alimletea bamba jeupe la plastiki, basi. Salma, dada yake Hamza, alicheka hadi akakaa chini. Lakini ukitazama vizuri, nusu za mwili wa ndege, mabawa na mkia vilikuwa vimevimba juu ya plastiki ile kama mtu aliyelala amejifunika shuka. Hamza alieleza kwamba plastiki hupashwa moto juu ya kalibu, kisha hewa yote hufyonzwa chini yake, nayo ikashika umbo. Kazi ya muundaji ni kukata kila kipande kwa wembe, kukisugua kwenye msasa wenye maji mpaka ukingo uwe mwembamba, kisha kugundisha nusu kwa nusu. Kifuniko cha rubani kilikuwa kimoja tu, cha plastiki angavu kama kioo.

"Hiki mwisho kabisa," alisema Hamza. "Sogeza taa, Bi Cherehani."

Ndivyo alivyomwita mkewe. Raudha alishona nguo za watu katika chumba hichohicho, taa yao ikiwa moja, na kwa kuwa Mungu hakuwajalia mtoto, jioni zao zilikuwa za cherehani na msasa. Kisha masika yakaja na homa, na homa ikamchukua Hamza kabla hata majirani hawajajua kwamba anaumwa.

Raudha akaingia eda. Hakutoka nje, hakuonana na wanaume wasio maharimu wake. Salma alihamia kwake kumsaidia.

"Wifi, umeigusa ndege?" Raudha alimuuliza siku ile ya bawa.

"Niiguse ya nini? Hata kuitazama sipendi."

Raudha hakuuliza tena. Na tuseme ukweli, hakuogopa. Alifurahi. Mtu aliyezoea kupumua na mwenzake chumba kimoja hana ujasiri wa kukataa pumzi ikirudi.

Ikawa kila mchana mvua ikichachamaa na mji kufunga giza, akijilaza baada ya adhuhuri, husikia usingizini msasa ukienda, kwaru, kwaru, na huamka akakuta kipande kingine kimekamilika. Harufu ya gundi ilijaa chumbani, na nyuma ya gundi, mafuta ya nazi aliyojipaka Hamza kichwani. Akaanza kuacha kikombe cha chai mezani. Siku moja, katikati ya usingizi na macho, akasikia karibu kabisa na sikio, "Sogeza taa, Bi Cherehani." Akaisogeza. Alilia kwa furaha mpaka mto ukalowa.

Aliyestuka kwanza ni Anyosisye, mama mmoja kutoka Ndandalo aliyewaletea mchele. Walikaa kuuchambua, na Raudha akawa anayapitisha mawe yote.

"Dada, lete mkono," alisema Anyosisye. Akaushika, akaugeuza, akauachia haraka. "Ndaga, dada, pole. Ndaga. Vidole vyako vimekwenda wapi?"

Vidole vilikuwapo, ila ncha zake zilikuwa laini, bila mstari hata mmoja. Raudha alikumbuka kuwa wiki nzima hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Mikono ile ndiyo iliyobaki kumlisha.

Kesho yake mchana Salma hakulala. Mvua ilipoanza kupiga bati alisogea mlangoni na kuchungulia, akamwona wifi yake ameketi mezani wima, macho yamefumbwa, shingo imelegea kama ya mtu aliye usingizini, na mikono yake miwili, mikono tu, ikifanya kazi kwa haraka na ustadi ambao Salma aliujua tangu utotoni, kwa sababu ulikuwa wa kaka yake, ikisugua plastiki kwenye msasa mbele, nyuma, mbele, nyuma, na plastiki ilipoisha ikaendelea na vidole vyenyewe, na maji ya msasa yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi.

Mwalimu Zubery wa madrasa aliletwa. Alikaa upande wa pili wa pazia, akasoma kwa muda mrefu, kisha akazungumza kwa sauti ya chini.

"Binti yangu, mumeo amekwenda kwa Mola wake. Kila mtu huzaliwa na jini wa kufuatana naye, karini. Huyu amekaa na Hamza tangu kuzaliwa. Anajua kazi yake, harufu yake, jina alilokuita. Ila hana mikono, anaazima yako."

"Ananidhuru kwa makusudi?"

"Sijui. Nadhani naye kafiwa. Lakini mikono ikiisha atahitaji kingine."

"Nifanye nini?"

"Imebaki nini kwenye hiyo ndege?"

"Kioo tu."

"Basi nitasoma, harufu yake ikiingia ndani ya ndege, kifunge. Ni wewe tu wa kukifunga, mimi hanijui."

Raudha alipaka gundi ukingoni. Mwalimu alisoma, na mvua ikatulia kana kwamba imezuiwa. Mafuta ya nazi yalinukia kwa nguvu, kisha yakapungua, yakawa yanatoka mezani tu, kwenye tundu dogo la rubani. Akaweka kioo. Papo hapo kikaingia ukungu kwa ndani, ukatoweka, ukarudi, ukatoweka, kama pumzi za mtu. Na kutoka mle, kwa sauti ndogo yenye hofu ambayo mumewe hakuwahi kuitoa ila siku ya mwisho ya homa, akasikia, "Bi Cherehani, taa iko wapi?"

"Bonyeza!" alisema mwalimu.

Alibonyeza. Machozi yalidondoka juu ya kioo, na hakuondoa kidole mpaka gundi iliposhika.

"Mzike karibu na Hamza," aliomba, akiipitisha ndege chini ya pazia, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Mwalimu aliipokea. Alimnong'oneza Salma kitu mlangoni, nao wakaondoka. Mwenye eda haendi popote, akabaki.

Salma alirudi jioni. Pindo la kanga yake lilikuwa limelowa.

"Umeizika?" Raudha aliuliza.

"Mwalimu alisema ipelekwe kwenye maji yanayokwenda. Niliteremka Kiwira, nikaiweka mtoni." Salma alikaa, akakamua pindo la kanga. "Wifi, kitu chepesi vile, ndani kitupu. Nilijua itaelea. Ikazama hapohapo."

"Ikazama."

"Haikuzama mara moja. Ilitapatapa kwanza."

Raudha alizitazama ncha za vidole vyake.

"Mwalimu kasema si yeye, wifi," alisema Salma. "Umesikia mwenyewe. Si yeye."

"Hamza hakujua kuogelea, Salma."