Malkia wa Gauni Jekundu

"Mwanamke wewe, unamkomba mdogo wako? Mkombe Kinyozi!"

Mchumba wangu alisema hivyo huku akicheka, na mimi nikacheka naye. Mjinga mimi.

Tulikuwa wanne kwenye chumba cha nyuma cha Kinyozi, kati ya ndoo ya taulo na kiti kilichovunjika mguu, tunacheza mchezo wetu wa kadi za mazimwi na falme. Mchumba wangu tunamwita Jemedari, kwa sababu fungu lake zima ni askari: kila zamu anapiga, ulinzi hana habari nao. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yeye ni wa kujenga kuta na kujificha nyuma yake. Kinyozi ni wa mapatano. Sasa hivi rafiki yako, baadaye kakuuza. Mimi nakomba. Sipigi mtu. Nawafunulisha wenzangu kadi za juu ya mafungu yao, zinatupwa kaburini, kwenye rundo la kadi zilizotoka mchezoni, mbele ya macho ya wote. Ukiishiwa kadi, umekufa.

Huwa wananicheka kwamba huo ni uchezaji wa kibibi.

"Dada, niache bwana," mdogo wangu akalalamika. "Shemeji, mwambie mkeo!"

"Mke bado, mpaka Jumamosi," Kinyozi akadakia. "Ila amri kashaanza kutoa."

"Kuta zako zimenichosha," nikamwambia. "Funua tatu."

Akafunua. Mnara. Mto. Mlinzi. Nikaona amejikunyata kitini.

"Una homa?"

"Baridi tu, Dada."

Baridi, na sisi wote tunatoka jasho! Akashika simu yake chini ya meza, akaandika kitu. Mara simu ya Jemedari ikatetema kando ya kadi zake. Akaichungulia, akaifunika kifudifudi. Lile tabasamu lake likapotea.

Ikawa zamu yake. Kinyozi alikuwa hana ulinzi hata chembe, mtu yeyote mwenye akili angemmaliza. Jemedari akageuza jeshi lote kwangu.

"Mimi?"

"Mchezo ni mchezo, mpenzi."

"Kinyozi yuko uchi pale, unaniua mimi?"

"Hata mimi nashangaa," Kinyozi akasema. "Nilishaanza kusali."

Jemedari akajumlisha askari wake. "Umekufa. Toa kadi zako."

"Hesabu vizuri."

Kinyozi akahesabu kwa kidole, taratibu. "Bado ana uhai mmoja."

"Basi salimu amri, mpenzi. Umechoka. Twende nikupeleke nyumbani."

Tangu tujuane hajawahi kuniomba nisalimu amri.

"Zamu yangu," nikasema. "Mdogo wangu, funua tano."

"Dada, tumbo linaniuma."

"Funua, halafu uende."

Hakufunua. Kinyozi, ambaye mezani kwake hataki hila, akanyoosha mkono akazifunua mwenyewe. Ya kwanza ukuta. Ya pili daraja. Ya tatu, Malkia wa Theluji.

Mimi ni mchora mabango, mkono wangu naujua. Malkia wa Theluji hutoka kiwandani na joho jeupe. Huyu alikuwa na gauni jekundu, nililompaka kwa brashi yangu nyembamba kuliko zote, na kidoti chini ya jicho kama changu. Nilimpa Jemedari siku aliyonivisha pete. Haukupita muda akanijia analia, kadi imeibiwa. Mimi ndiye niliyembembeleza!

"Hii si ile iliyoibiwa?" Kinyozi akauliza, kisha akajiziba mdomo.

Nikairukia simu ya Jemedari. Akanyoosha mkono, nikamuwahi. Ujumbe ulikuwa bado uko juu ya kioo:

"Mpenzi mtoe Dada mchezoni haraka. Malkia wako yumo kwenye fungu langu, nilisahau kumtoa."

Nikausoma kwa sauti. Nikaurudia, labda macho yangu yananidanganya.

"Mpenzi? Mpenzi ni nani hapa?"

"Dada, nisamehe. Ni shetani..."

"Shetani hachezi. Mezani tuko wanne. Tangu lini?"

"Tangu vikao vya harusi vianze. Shemeji alikuwa ananisindikiza nyumbani..."

"Mimi ndiye niliyemtuma akusindikize! Nilisema giza, mtoto wa kike asitembee peke yake!"

Mdogo wangu akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Jemedari akapiga magoti.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Kaa kwenye kiti. Zamu yangu haijaisha."

Nilikuwa nimebakiza kadi moja mkononi, ile ya kumkomba mtu hadi mwisho. Na fungu lake lilikuwa limekonda, maana mwenye pupa ya kupiga huvuta kadi upesi.

"Funua."

"Yeye ndiye aliyenishawishi."

"Funua."

"Nilikuwa nataka kukwambia baada ya harusi."

"Baada ya harusi! Funua."

"Nakupenda wewe, wallahi."

"Funua."

Akafunua ya mwisho. Akabaki anaitazama meza, hana hata kadi moja. Nikavua pete, nikaiweka kaburini juu ya askari wake. Malkia wangu nikamchukua.

Simu yangu ikaita. Mama.

"Mwanangu, fundi anauliza, gauni la mdogo wako alikate au aliache refu?"

"Mwambie aache kushona, mama."

"Aache? Kuna nini huko? Bado mko na hizo kadi zenu?"

"Tumemaliza."

"Haya, nani kashinda?"

Nikamtazama Jemedari. Nikatazama na kile kiatu mlangoni, nilichomnunulia mimi.

"Mimi, mama," nikasema, na ndipo kilio kikanitoka, Kinyozi akaacha kila kitu akaniletea taulo.